Lehemu Haikushika

4 Februari

Mpwa wangu,

Salamu zitakuja chini. Kwanza hili, nisije nikalizunguka tena kama nilivyolizunguka kwa miaka kumi na tisa: lehemu yako ilishika. Usiku ule wa mbio waya wa gari lako ulikuwa mzima, mahali pale pale ulipouchomelea. Niliukata mimi kwa koleo gari lilipokwisha kuokotwa, kisha nikaketi nikaandika ripoti kwamba lehemu haikushika.

Sasa, habari za huko? Mumeo hajambo? Mwanao amemaliza mitihani? Huku tunakwenda. Binamu yako amepandishwa cheo, kwa hiyo siku hizi anarudi nyumbani amechoka kwa daraja la juu zaidi. Mkewe ndiye anayeniuguza. Ananinyoa, ananigeuza ubavu, ananikata kucha, na hanung'uniki, jambo linalonichosha kuliko kama angenung'unika. Mapafu yamejaa maji. Daktari, kijana wa adabu, ameniambia nisimwahidi mtu kitu cha mwaka ujao.

Nakuandikia kwa sababu sikio langu halifai tena kwa simu, na pia kwa sababu kwenye simu ningejifanya sikusikia.

Unakumbuka kwamba ile ripoti ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nilikuwa nimestaafu ukaguzi wa vipimo mwaka mmoja tu, na chama cha mbio kilikuwa kimenipa kazi ya kupima magari yetu ya rimoti na kusimamia kanuni. Nani angebisha? Kwa miaka thelathini na moja nilipima mizani ya wauza nyama na lita za wauza mafuta, na hakuna aliyewahi kusema nimempunja. Niliandika: "Waya wa kipokeo cha mawimbi uliachana na lehemu. Lehemu haikushika. Dereva alipoteza uwezo wa kuliongoza gari." Nikatia sahihi ile yenye mkia mrefu. Walipoisoma mbele ya wanachama wewe ulikuwa umesimama karibu na mlango. Ulitazama vidole vyako. Nilikuona.

Nakala ninayo. Nimeitoa wiki hii nikaisoma, na nikatapika. Mkwe wangu akasema ni dawa. Kichefuchefu cha dawa nakijua. Hiki si chenyewe.

Mwezi wa kumi na moja, tulipomzika mama yako, ulinishika mkono ukaniambia, "Asante, Mjomba. Wote waliniona mimi ndiye niliyemtoboa mama jicho, lakini wewe hukuniacha." Nikakujibu usijali. Hilo ndilo neno nililolipata, mtu mwenye maktaba nyumbani: usijali.

Usinisamehe bado. Hujui unasamehe nini.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kwa sababu mama alinilea hivyo. Mimi ni mzima. Mume wangu anakusalimu, hajui nilichokisoma. Mwanangu amefaulu, isipokuwa hesabu, na hesabu huwa tunasema amerithi kwa baba. Kiwandani bado najalidi vitabu. Mwezi huu tunafanya daftari za shule, na gundi imenikaa kwenye kucha kiasi kwamba hata chakula kinanukia kazi.

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama. Kisha nikanawa mikono kwa sabuni, mara mbili, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa. Nikaitia kwenye droo, ikakaa huko siku kumi na moja.

Unajua neno lako lilifanya nini? "Haikushika." Liligeuka jina langu. Nilirudi kazini, kwenye karakana ya redio, Jumatatu baada ya ripoti kusomwa, na mteja wa kwanza akaniwekea redio yake ya kaseti mezani, akauliza, "Hii itashika, dada, au ndiyo yale ya kutoboana macho?" Wenzangu wakacheka, si kwa ubaya, ndivyo vijiwe vilivyo. Mwisho wa mwezi mwenye karakana akaniomba nikae mbele, nipokee wateja, niwaachie wengine chuma cha lehemu. Mwisho wa mwaka nikaondoka. Sijashika chuma cha lehemu tena. Taa ya mwanangu ya kusomea ilipokatika waya nilimwita fundi, nikamlipa, nikamtazama akichomelea vibaya, nikanyamaza.

Na mama. Ulikuwa ukija Jumapili, ukimkuta ametulia. Mimi nilimwona akimimina chai huku ametia kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi, kwa sababu kwa jicho moja hakuweza kukadiria. Alikuwa akiunguza kidole kila asubuhi. Kila asubuhi nilijiambia: hii ni lehemu yako.

Siulizi ulijisikiaje. Nauliza jambo moja. Kama waya ulikuwa mzima, gari langu liliruka ubao wa ukingo kwa nini?

Mpwa wako


19 Machi

Mpwa wangu,

Pole na kazi. Mpongeze mtoto, mwambie hesabu si adui, ni jirani asiyesalimiwa. Huku mkwe wangu amepaka ukuta wa chumba changu rangi ya maziwa, anasema utaniletea utulivu. Nalala natazama maziwa. Miguu imevimba mpaka soksi zinaacha alama kama za tairi. Muuguzi huja siku mbili kwa wiki na kila akija anasema, "Mzee leo unang'aa." Ni jasho.

Swali lako lina haki ya jibu refu. Mengine unayajua kuliko mimi, lakini mkaguzi huanza kwa kueleza kipimo.

Wakati ule kila rimoti ilikuwa na kristali ndogo ndani yake, na gari nalo lina ya kwake. Kristali hizo ndizo zinazoamua gari lisikie rimoti ipi. Tulikuwa na chaneli sita. Rimoti mbili za chaneli moja zikiwashwa pamoja, gari halijui limtii nani, na iliyo karibu zaidi ndiyo inayoshinda. Ndiyo sababu tukawa na ubao wa vibanio: vibanio sita vya nguo, kila kimoja na namba yake ya chaneli. Huwashi rimoti mpaka umechukua kibanio chako na kukibana kwenye antena. Tulikuwa na msemo, "Huna kibanio, huna kidole." Ubao ulikuwa hemani kwangu, kwenye kona ya mwisho ya njia. Wewe ulikuwa chaneli ya nne.

Nikuambie ninavyoukumbuka usiku ule? Zamani niliusimulia kama sherehe. Sasa naona matope, na taa nne za mafuta zilizovutia wadudu mpaka ukikohoa unammeza mmoja. Naona njia ya udongo iliyozunguka kama yai, tuliyoimwagia maji mchana kutwa ili isitimue vumbi, mpaka ikanuka kama zizi. Naona wanaume wazima, wenye vitambi na vyeo, wamepanga mstari jukwaani wamekumbatia rimoti vifuani kama watoto wachanga, ndimi zimetoka kidogo kwa umakini. Magari yenyewe hayakuzidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, lakini yalipiga kelele kama misumeno, na moshi wake wa mafuta matamu uliganda kwenye ulimi. Mtu mmoja alipinduliwa gari lake kona ya pili akamtukana mwokotaji aliyekwenda kuliinua, akamtukania mama, kwa ajili ya gari la kuchezea. Nami nilikuwa kiongozi wao. Nilikuwa na filimbi shingoni.

Mizunguko arobaini. Ulikuwa unaongoza kwa mizunguko miwili, na Fundi Saa alikuwa wa pili. Mama yako alikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na hema, kwa sababu alisema huko moshi ni haba. Mzunguko wa thelathini na tisa gari lako lilipoingia kona ya mwisho likatetemeka, likainua pua, likapanda ubao wa ukingo.

Palikuwa na rimoti ya pili ya chaneli ya nne pale kiwanjani, imewashwa. Ndiyo iliyolichukua gari lako. Nilijua papo hapo, kwa sababu lilivyotetemeka si jinsi gari lililokatika waya linavyokwenda. Niliukata waya ili pasiwe na maswali na chama kisivunjike.

Rimoti hiyo ya pili ilikuwa mali ya Fundi Saa. Marehemu hasemwi vibaya, kwa hiyo naishia hapo.

Mjomba wako


30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa safarini, nikifuata barua yako ilikonituma.

Niliomba siku tatu kazini, nikapanda basi saa kumi na moja alfajiri, nikashuka mchana kwenye mtaa ule ule tuliokuwa tukiishi. Sikupita kwako. Nilikwenda moja kwa moja kwa mjane wa Fundi Saa. Bado anakaa nyumba ile yenye duka mbele; saa zote zilizobaki ukutani zimesimama, kila moja na wakati wake. Alinifungulia mwenyewe. Hakunitambua, nami sikumsaidia. Kabla hata sijaketi nilimwambia, "Mume wako ndiye aliyemtoboa mama yangu jicho, na amekufa amenyamaza."

Mjomba, sijawahi kuongea hivyo na mtu mzima. Nilikuwa nimeyachemsha maneno hayo saa saba ndani ya basi.

Akasema, "Kaa kwanza. Matusi hayapokelewi wima." Akanivutia kiti. Akaniletea maji, akasubiri niyanywe, kisha akasema, "Mume wangu alikuwa na mikono miwili, na yote miwili ilikuwa jukwaani, ubavuni mwako. Hiyo rimoti nyingine aliishika kwa nini, kwa meno?"

Na hapo hapo nikakumbuka. Kiwiko chake kilikuwa kinanigusa mbavu usiku ule wote. Nilimwambia asogee, akasema yeye ni mnene mno kwa jukwaa letu. Gari langu lilipopaa yeye ndiye aliyenishika bega nisianguke. Jambo hilo nimekuwa nalo miaka yote hii, nikalitupa kwa sababu wewe uliniandikia mstari mmoja kwa mwandiko mzuri.

Nikamwomba radhi. Nilipiga magoti sakafuni, akaniinua kwa ukali, akasema goti si sabuni. Kisha akaniambia habari ya ile rimoti. Ni kweli ilikuwa ya mume wake. Ni kweli ilikuwa chaneli ya nne. Lakini wiki mbili kabla ya mbio alikuwa amempelekea mkaguzi aipime, kwa sababu alihisi inapoteza nguvu. Mume wake alidai arudishiwe mara mbili. Baada ya ajali ya mama hakuidai tena, na mkewe alipomuuliza alisema, "Yule mzee ana msiba wake, mwache." Mjane ameikalia habari hiyo miaka kumi na tisa, na mimi ndiye niliyekwenda kumtukania mfu wake.

Nilirudi nimejichukia. Nilikuwa nimezoea kujichukia kwa ajili yako. Sasa umenipa sababu ya haki.

Nina maswali mawili, nami nataka yajibiwe yote.

La kwanza: hemani alikuwamo nani?

La pili linanisumbua zaidi. Waokotaji walijitupa chini. Muuza maji aliacha ndoo akakimbia. Yule bibi mwenye fimbo aliyekaa nyuma ya mama aliinama na akapona. Gari lilikuwa linapiga kelele, lilikuja kutoka umbali wa hatua kumi na tano. Kwa nini mama hakukwepa? Watu walisema aliganda kwa hofu. Mama alimfukuza mwizi kwa ufagio. Mama hakuwa mtu wa kuganda.

Mpwa wako


11 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako imefika. Salamu nyingi kwa mumeo na mtoto. Huku mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana. Binamu yako ameahidi kuliziba. Nimekuwa na homa siku nne, nimeacha kula vitu vigumu. Muuguzi amebadilishwa, huyu mpya ana mikono ya baridi lakini ni mkimya, nami namshukuru kwa hilo.

Nimefurahi kusikia mjane wa Fundi Saa yu mzima.

Kuhusu mengine, kumbukumbu ya mzee ni kama gunia la zamani, mengine yamekwisha kudondoka njiani. Nipe muda.

Mjomba wako


24 Mei

Mjomba,

Nakurudishia barua yako. Nimeisoma mbele na nyuma, haina kitu ndani yake.

Gunia lako halikutoboka ulipokuwa unakumbuka idadi ya mizunguko.


9 Juni

Mpwa wangu,

Umefanya vizuri kunirudishia. Nimeishika barua yangu mwenyewe nikaona jinsi ilivyo: mtu anayezungumzia paa huku nyumba inaungua. Nimemwomba mkwe wangu aifungie mlango sauti ya watoto, aniwekee mito mitatu mgongoni, aniache. Ameniuliza, "Baba, unaandika wasia?" Nikamwambia hapana, wasia unagawa vitu vizuri.

Habari za nyumbani ni kwamba nakufa, na kwamba wote wananipenda. La pili ndilo siwezi kulivumilia. Juzi walikuja wazee wawili wa chama, wakanisomea shukrani waliyoiandika. Walisema mimi ni mtu ambaye kipimo chake hakikuwahi kupinda. Mmoja alilia. Nilimtazama machozi yakimshuka nikahisi kinyaa, kama mtu anayetazama nzi akitua juu ya chakula na hana mkono wa kumfukuza. Walipoondoka niliomba beseni.

Hemani nilikuwa mimi peke yangu. Rimoti ya Fundi Saa ilikuwa juu ya meza yangu. Ilikuwa nzima, nilikwisha kuipima wiki ile na sikumwambia mwenyewe. Kibanio cha namba nne kilikuwa kwako, kwenye antena yako, jukwaani. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote pale, maana nilikupa mimi mkononi. Nikawasha.

Usiandike kwamba nilisahau. Nimejaribu kuandika hivyo mara tatu mwezi huu, kwamba nilikuwa naipima nikasahau kutazama ubao. Lingekuwa kosa zuri, kosa ambalo mkaguzi mchovu anaweza kulifanya. Karatasi hizo nimezichana. Nilitazama ubao kwanza. Nilitaka kuwa na hakika ni chaneli yako.

Utauliza kwa nini, na utacheka, au utatapika. Kabla ya mbio ya mwisho nilikuja pale mlipokuwa mnajaza mafuta. Nilikuwa nimeshindwa mapema, kwenye mchujo, na wewe ndiye uliyenishinda. Nikasema mbele ya watu kwamba mwaka ujao nitakupa kazi. Mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka wakati ule, kidogo tu. Nilidhani hakuna anayeona. Ukasema, "Mjomba, wewe kaa na vibanio vyako, mbio waachie wenye vidole." Watu walicheka sana. Nilicheka kuliko wote. Nilikupiga begani.

Ulikuwa utani, na mjomba na mpwa wana haki ya kutaniana. Najua hukumbuki. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma mchoro wa redio ulipokuwa huwezi hata kulifikia benchi. Nilikuwekea kreti la soda usimame juu yake. Ule uwanja niliulima mimi. Kile chama nilikianzisha mimi sebuleni kwangu. Nilirudi hemani na kicheko kile masikioni, nikakaa, nikasikia mtangazaji akiita jina lako kila mzunguko, na kila mzunguko kitu kilikuwa kinaoza ndani yangu. Sikuwa na nia ya kuumiza mtu. Nilitaka uzunguke kwenye matope mzunguko mmoja kabla ya mwisho, mbele yao wote, ucheke kama nilivyocheka mimi. Mtu mwenye umri wa miaka sitini na mbili, mwenye shahada, mwenye wajukuu.

Nilivuta antena. Nilisubiri ufike kona ya hema ili nguvu yangu iizidi yako. Nikabinya kwa kidole cha shahada, mara moja. Nilidhani gari lingezunguka. Badala yake lilichukua mwendo wote kwa pamoja likapanda ule ubao niliokuwa nimeupigilia mwenyewe kwa mshazari.

Yaliyofuata unayajua, isipokuwa mawili.

La kwanza ni la hospitalini. Usiku wa pili wewe ulikwenda nyumbani kubadilisha nguo, nami nikabaki na mama yako. Kichwa chote kilikuwa kimefungwa bendeji, limebaki jicho moja na mdomo. Aliniambia, "Kaka, mwambie mtoto." Alisema hivyo tu, bila hasira, kama anavyoniagiza chumvi. Nikamwambia nitamwambia. Kesho yake akanikumbusha. Siku ya nne nilifunga mlango wa wodi nikamshika mkono, nikamwapisha. Nilimwapisha kwa kaburi la mama yetu kwamba hatasema, kwamba ni mimi nitakayesema, kwa wakati wangu. Alikuwa na homa. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nililia, nikasema nitajinyonga, naye akaapa ili nikome. Sikuwa na nia ya kujinyonga. Nilikuwa nimekwisha kuandika ripoti, ilikuwa mfukoni.

Aliitunza ahadi ile kuliko nilivyowahi kutunza kitu chochote. Kila Jumapili nilipokuja alinikaribisha, akaniwekea kiti, akanitengea chakula. Ukitoka kwenda jikoni alikuwa akinitazama kwa lile jicho moja na kuuliza, "Bado?" Nilikuwa namjibu bado. Kwa miaka mingi. Wewe ulipohama mji akaacha kuuliza. Alikuwa ananiwekea chakula tu, naye anakula upande mwingine wa meza.

Usimlaumu. Najua utataka, kwamba alikuona ukiubeba mzigo usio wako na akanyamaza. Alikwambia kila alipoweza kwamba si kosa lako, nawe ukadhani anakufariji. Hakuweza kusema zaidi bila kuvunja kiapo, na kiapo kile nilikipata kwa udanganyifu, kwa mwanamke aliyelala na tundu usoni nililomtoboa mimi. Nimesoma vitabu vingi vya watu wabaya. Sijakutana na mmoja kama huyu.

La pili ni jibu la swali lako. Nimeliweka mwisho kwa sababu mkono ulikuwa unakataa.

Pazia la hema lilikuwa wazi upande wa kiti chake. Nililifungua mwenyewe kwa ajili ya joto. Nilipovuta antena ilimulikwa na taa. Mama yako aligeuka. Alinijua tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja, alijua uso wangu ninapoiba. Alitazama rimoti, akatazama ubao wa vibanio, akanitazama mimi, na mdomo wake ukaanza kulitamka jina langu la utotoni. Nami nilimwona akiniona. Palikuwa bado na muda; gari lako lilikuwa halijafika kona. Nikabinya.

Nyuma yake watu walipiga kelele wakainama, kwa sababu wote walikuwa wanalitazama gari. Mama yako hakulikwepa kwa sababu alikuwa ananitazama mimi.